Shajara ya mradi: kielelezo cha sifongo lukonoidi

Jumatatu. Ninachojenga

Mradi ni huu: vielelezo vitatu vya mwili wa sifongo, mnyama wa majini anayeishi kwa kuchuja maji, kimoja kwa kila moja ya maumbo yake matatu (askonoidi, sikonoidi na lukonoidi), vimepasuliwa ili ndani paonekane, na kimoja kati yake kiweze kupitisha majimaji yenye rangi ili mtazamaji aifuate safari yote, kuanzia kwenye ngozi hadi kwenye tundu la kutokea. Viwili, cha askonoidi na cha sikonoidi, ni vya kusindikiza tu. Mwenye shughuli ni lukonoidi.

Kila aliyesoma zuolojia ameuona ule mchoro wa maumbo matatu yaliyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto mfuko mwembamba, katikati mfuko wenye ukuta uliokunjwakunjwa, kulia dubwana lililojaa nukta. La kwanza unalielewa kwa kulitupia jicho. La pili unalielewa ukitulia. La tatu halielezi kitu: nukta, mistari, na mishale inayopotelea njiani. Kinachoudhi ni kwamba hilo la tatu ndilo umbo la sifongo walio wengi, wa baharini na wa maji baridi, na ndilo lililoachiwa mchoro mbovu kuliko yote.

Niweke msingi kwanza, kwa sababu maandishi ya bango yatatoka humu humu. Sifongo hana mdomo, hana utumbo, hana moyo wala neva. Huvuta maji kupitia vitundu vidogo vya ngozi, huyachuja, kisha huyatoa kupitia tundu kubwa liitwalo oskulamu. Wanaoyasukuma ni koanosaiti, seli zenye flajela moja moja, yaani mkia mwembamba unaopigapiga, kila flajela ikiwa imezungukwa na kola ya vinyuzi vyembamba mno. Tofauti ya askonoidi, sikonoidi na lukonoidi ni jibu la swali moja: koanosaiti zimekaa wapi?

Kwa askonoidi zimetandikwa kwenye uwazi wote wa katikati. Kwa sikonoidi zimehama katikati na kuingia kwenye mifereji iliyochimbwa ukutani. Kwa lukonoidi zimejikusanya ndani ya vyumba vidogo vya mviringo, vyumba vingi ajabu, vilivyotawanyika ndani ya mesohili, yaani ule ute unaojaza mwili. Mifereji ya kuingizia huleta maji vyumbani kutoka kwenye ngozi. Mifereji ya kutolea huyakusanya na kuyapeleka kwenye oskulamu.

Sifongo wa kioo, kundi jingine la sifongo, nimewaacha nje tangu sasa. Sehemu kubwa ya tishu yao ni utando mmoja wenye viini vingi, haukugawanyika kuwa seli moja moja, kwa hiyo kuwachomeka humu kungekuwa kuwaonea wao na mtazamaji pia. Wakitaka kuja, waje na mradi wao.

Jumatano. Mpangilio wa meza

Kabla ya kukata kipande chochote nilitaka kuamua vielelezo vitakaaje mezani, na hapo historia ikaingia.

Migawanyo hii mitatu ni kazi ya mwanazuolojia Mjerumani Ernst Haeckel, katika kitabu chake kikubwa cha sifongo wa chokaa cha mwaka 1872. Aliwagawa sifongo hao kwa umbo la mifereji yao: Ascones, Sycones, Leucones. Kwake yeye mgawanyo huo ulikuwa pia ukoo, na sahili ndiye aliyetangulia. Mpangilio wa kushoto kwenda kulia katika michoro ya leo una asili huko, hata pale maelezo ya chini ya mchoro yanaposema jambo jingine.

Leo maneno hayo hutumika kutaja namna mwili ulivyojengwa, basi. Sifongo wa chokaa ndio wenye aina zote tatu, pamoja na za kati. Ipo silebidi, ambayo ni kama sikonoidi iliyoanza kugawanyika: vyumba virefu vilivyojipanga kuzunguka mifereji ya pamoja. Na mwaka 2011 watafiti wa Brazili, Cavalcanti na Klautau, waliongeza solenoidi kutokana na kuchunguza sifongo wa chokaa ambao hawakuingia vizuri kwenye mafungu ya zamani. Demosponji, kundi lenye spishi nyingi kuliko mengine yote, karibu wote ni lukonoidi. Tena hawapitii uaskonoidi utotoni: mtoto wa demosponji, katika hatua iitwayo ragoni, anakuwa tayari na vyumba vyake vidogo.

Hilo la mwisho limenikatia shauri. Kama lukonoidi mchanga anaanza na vyumba, basi kupanga vielelezo kama ngazi ni kumdanganya mtazamaji kwa samani. Vitakaa kwenye duara, lukonoidi katikati, na hakuna mshale utakaochorwa kutoka kimoja kwenda kingine. Mwenzangu anayenisaidia kwa uchapishaji wa resini aliniuliza, «Sasa watu wataanzia wapi?» Nikamjibu waanzie popote, ndiyo maana ya duara.

Ijumaa. Hesabu

Siku ya karatasi na kikokotoo, na kwangu ndiyo siku tamu ya mradi hadi sasa.

Nimeanza na askonoidi. Chukua mrija. Uongeze upana mara mbili bila kugusa urefu: eneo la ukuta wa ndani, ambako koanosaiti zimekaa, linaongezeka mara mbili, maji yaliyomo ndani yanaongezeka mara nne. Kila seli sasa ina mzigo mara mbili. Upanue tena, mzigo unaongezeka tena. Ndiyo sababu Leucosolenia, sifongo askonoidi, hukua kwa kuongeza mirija myembamba pembeni, kichaka cha mirija, wala mrija wenyewe haunenepi kupita kiasi. Sikonoidi hupata nafuu kwa kukunja ukuta, ila mikunjo nayo ina mwisho wake: ukuta ukishakuwa mnene, mifereji inakuwa mirefu, na hakuna pa kukunja tena.

Lukonoidi hatoki kwenye hesabu hiyo kwa kukunja zaidi. Anabadilisha hesabu yenyewe. Vyumba vyake ni viduara vidogo vilivyosambaa katika ujazo wote wa mwili. Mwili ukiongezeka mara mbili, vyumba navyo vinaongezeka mara mbili, na eneo la koanosaiti linaongezeka mara mbili vilevile. Uwiano kati ya wanaosukuma na mwili unaosukumiwa haubadiliki, sifongo awe na ukubwa wa kidole au awe pipa la kuingia mtu. Hicho ndicho ninachotaka kielelezo kikiseme. Mengine yote ni mapambo.

Takwimu nilizozitumia ni za sifongo mmoja wa chokaa, Leucandra aspera, ambaye mwanazuolojia George Bidder alimchambua katika makala ya mwaka 1923 kuhusu uhusiano wa umbo la sifongo na mikondo yake. Ni mdogo: urefu kama sentimita 10, unene kama sentimita 1. Mifereji yake ya kuingizia inakadiriwa kufika 81,000. Vyumba ni zaidi ya milioni 2. Hesabu inayotajwa ni 2,250,000. Kwa siku hupitisha lita 22.5, na maji yanatoka kwenye oskulamu kwa kasi ya sentimita 8.5 kwa sekunde.

Nimezichukua takwimu hizo nikazikamua. Lita 22.5 kwa siku ni sentimita za ujazo 0.26 kwa sekunde. Ukigawa kwa 8.5 unapata eneo la tundu, ambalo ni kipenyo cha milimita 2 hivi. Yaani maji yote ya mnyama huyu, yaliyoingia kwa njia 81,000, yanatokea kwenye tundu ambalo ukilifunika kwa ncha ya penseli butu halionekani. Mwili wake, nikiuhesabu kama silinda, ni sentimita za ujazo zisizofika 8. Kwa hiyo anapitisha maji ya ujazo wake mwenyewe kila baada ya nusu dakika, mchana na usiku.

Kwa vyumba nimechukua kipenyo cha mikromita 50 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kuwa makisio ya kufanyia kazi. Vyumba 2,250,000 vya ukubwa huo vina eneo la ndani la sentimita za mraba 177 hivi. Ngozi yote ya nje ya silinda hiyo ni 31. Mrija wa askonoidi wa ukubwa uleule usingefikisha hata hizo 31, maana ukuta wa ndani huwa mdogo kuliko wa nje. Lukonoidi anapata karibu mara sita, na vyumba vyenyewe havichukui hata asilimia 2 ya mwili. Nafasi iliyobaki ni ya mifereji, ute, spikuli (vijiti vigumu vya kiunzi) na ule uwazi wa katikati.

Sasa kasi. Ukijumlisha eneo la mkato wa katikati wa vyumba vyote unapata sentimita za mraba 44. Maji yaleyale 0.26 yakipita humo yanakwenda kwa mikromita 60 hivi kwa sekunde. Kuvuka chumba kimoja, ambacho jicho tupu halikioni, yanatumia karibu sekunde nzima. Katika sekunde hiyohiyo, maji yaliyoko kwenye oskulamu yamekwishasafiri sentimita 8.5. Tofauti ni zaidi ya mara elfu, ndani ya mnyama mmoja asiye na valvu wala msuli wa kusukumia.

Nimebandika karatasi hiyo ukutani juu ya meza ya kazi.

Jumapili

Askonoidi na sikonoidi vimekamilika. Hakuna mengi ya kusimulia. Askonoidi ni mrija wa resini angavu uliokatwa ubavuni, ndani umepakwa rangi ya machungwa kuonyesha koanosaiti, na vitundu vyake vimetobolewa moja kwa moja, kwa kuwa kwa askonoidi kila kitundu hupita ndani ya seli moja iliyojikunja kuwa bomba. Sikonoidi kimefuata umbo la Sycon: ukuta umetoka nje kama vidole vifupi, rangi ya machungwa imo ndani ya vidole tu, uwazi wa katikati umebaki mweupe. Oskulamu yake nimeizungushia pindo la nyuzi za kioo, kwa sababu Sycon analo pindo la spikuli ndefu na linapendeza.

Rangi ndiyo lugha ya meza nzima: machungwa ni koanosaiti, buluu ni njia za kuingia, kijivu ni njia za kutoka.

Jumanne. Lukonoidi haingii mezani

Tatizo nililolijua toka mwanzo leo limedai jibu. Nataka chumba kimoja kionekane vizuri, tuseme kipenyo cha sentimita 1. Hapo nimekikuza mara 200. Kwa kipimo hicho Leucandra mzima anakuwa na urefu wa mita 20.

Kwa hiyo nitajenga kipande, si mnyama. Milimita moja ya ujazo kutoka ndani ya mwili, ikikuzwa mara 200, ni mchemraba wenye upande wa sentimita 20. Vyumba vyake, kwa hesabu ya Ijumaa, ni kama 287. Hilo linawezekana: shanga 287 za resini, kila moja tundu ndani, kwenye mchemraba unaobebeka kwa mikono miwili. Pembeni nitaweka mchoro wa sifongo mzima na alama ndogo inayoonyesha kipande kimetoka wapi.

Kazi kubwa ni mifereji. Ipo miti miwili ya mabomba ndani ya mchemraba mmoja. Mmoja unatoka kwenye ngozi na kugawanyika kuelekea ndani, wa pili unaanzia ndani na kuungana kuelekea oskulamu. Matawi yao yameingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, lakini hakuna mahali bomba la mti mmoja linagusana na bomba la mti wa pili. Pa kukutania ni chumbani tu. Tone la maji haliwezi kuukwepa mtambo: ama linapita chumbani, ama halipiti kabisa. Michoro ya vitabu inashindwa hapa kwa sababu karatasi ni bapa, na kwenye karatasi bapa miti miwili iliyoingiliana hivi huonekana kama inakatana. Kwenye ujazo inapishana bila shida.

Unene wa mabomba sikutaka kuuotea. Ipo kanuni ya Cecil Murray ya mwaka 1926, aliyoitunga kwa mishipa ya damu: kipeo cha tatu cha nusu kipenyo cha bomba mama kinalingana na jumla ya vipeo vya tatu vya nusu vipenyo vya mabomba yanayotoka humo. Mwaka 1990 Michael LaBarbera alionyesha kwamba mifereji ya sifongo nayo inaifuata kwa karibu. Mnyama asiye na moyo anapanga mabomba kwa kanuni ya wenye moyo! Kwa mafundi maana yake ni nyepesi: bomba la milimita 10 likigawanyika mawili yaliyo sawa, kila moja liwe na milimita 7.9. Ukiangalia jumla ya eneo la mikato ya mabomba, kila mgawanyiko unaongeza robo hivi, na maji yanapungua kasi kwa moja ya tano hivi. Mgawanyiko mmoja hauonekani kuwa kitu. Ikifuatana mingi, mto unageuka dimbwi.

Kuna uamuzi mwingine mdogo uliokula jioni: chumba kiungane vipi na mfereji wa kutolea? Kwa sifongo wengine mdomo wa chumba ni mpana na unafunguka papo hapo kwenye mfereji. Hao huitwa yuripili. Wengine wana kijibomba kifupi cha kutokea, afodali. Wengine wana kijibomba cha kuingia na cha kutoka pia, diplodali. Nimechagua yuripili. Mdomo mpana unaonyesha ndani ya chumba, na mtazamaji ataziona flajela.

Alhamisi. Aliye hai

Nimesimamisha ujenzi kwa muda kumtazama mwenyewe. Nimepata jemuli za Ephydatia muelleri, sifongo wa maji baridi. Jemuli ni kifuko kidogo cha seli zilizolala, kina ganda gumu lenye spikuli, na kinavumilia baridi na ukavu ambao sifongo mwenyewe asingeumudu. Unaziweka kwenye jokofu, unazitoa ukizihitaji. Nimeziweka kwenye maji safi juu ya kioo chembamba na kuziacha gizani. Baada ya siku chache kila jemuli ilikuwa imezungukwa na utando mweupe ulioshika kioo, na muda si mrefu utando ukapata mifereji.

Uzuri wa kumkuza kati ya vioo viwili vyembamba ni kwamba hana budi kuwa bapa, na darubini inampenya. Kwa kukuza kidogo unaona njia tu, zenye matawi. Ukikuza zaidi, pembeni mwa njia vinatokea viduara vyenye ukungu ndani. Ukungu huo unatetemeka. Tulia hapo: mtetemo ni flajela, kila moja inapiga kwa wakati wake, hakuna anayemsubiri jirani. Seli zimekaa kwenye ukuta wa chumba, migongo nje, kola zikielekea ndani, ncha za flajela zikielekea mdomoni. Maji yanaingia kwa nyufa zilizopo kati ya seli, ziitwazo prosopili, yanalazimika kupenya kola, halafu yanasukumwa nje kupitia apopili, ule mdomo mpana.

Nilimfuata punje mmoja, bila shaka bakteria. Alikuja mbio kwenye mfereji mpana, akaingia tawi jembamba na kupunguza mwendo, akafika ukutani mwa chumba na kusimama karibu kabisa. Kisha alikuwa ndani, kwenye msitu wa kola. Hakutoka. Mwendo ule wa kupunguapungua ndio hesabu ya Ijumaa, sasa ina mwili. Nafasi kati ya vinyuzi vya kola ni ndogo kuliko bakteria wengi, na maji yakipita upesi kola haiwezi kushika. Kwa hiyo upole wa chumbani ndio unaomlisha.

Nikamwekea tone la wino mweusi uliochanganywa na maji mengi, kuona mkondo wa kutokea. Oskulamu ya kijana huyu ni bomba jembamba angavu lililosimama juu ya mwili, huwezi kuliona mpaka kitu kitoke ndani yake. Wino ulitoka kama uzi. Halafu, pengine kwa kuchukizwa na wino, sifongo mzima alianza kuvimba. Mifereji ya kutolea ilipanuka taratibu, ikatulia, kisha mwili wote ukajikaza na kutema. Tabia hii imeelezwa vizuri na Elliott na Leys mwaka 2007: hana neva, hana msuli, bado anaratibu mwili mzima na kujisafisha mabomba. Wengi huiita kupiga chafya. Tofauti ni kwamba chafya hii inachukua dakika nyingi, kiasi kwamba nilikwenda kunawa mikono na kurudi ikiwa inaendelea.

Mesohili ya kielelezo sitaifanya ngumu tena. Nilipanga resini ngumu. Baada ya kuona yule anavyovimba, mchemraba utajazwa silikoni laini angavu, ili mtu akiubonyeza mifereji ibadilike.

Jumatatu. Kwa nini gliserini

Shanga zimechapishwa zote na mabomba yanaunganishwa. Leo ni kuamua kitakachopita ndani.

Maji ndiyo jibu la haraka, na ni jibu baya. Maji ndani ya chumba cha mikromita 50 hayaendi kama maji ya bombani. Kwa ukubwa ule mnato ndio mfalme. Hakuna kuzunguka, hakuna mawimbi, flajela ikisimama maji yanasimama papo hapo. Wahandisi hupima hilo kwa namba ya Reynolds: ikiwa ndogo mno, mnato ndio unaotawala. Chumbani namba hiyo ni kama 0.003. Kwenye oskulamu, kwa milimita 2 na sentimita 8.5 kwa sekunde, ni kama 170. Kielelezo changu kina shanga za sentimita 1. Nikipitisha maji na kutaka 0.003 ileile, maji yatalazimika kwenda polepole kiasi cha kutumia zaidi ya saa 9 kuvuka ushanga mmoja. Mtazamaji atakuwa ameshakwenda zake.

Gliserini ina mnato wa takriban mara elfu moja ya maji. Nikiitumia, safari ileile ya ushanga mmoja inakuwa nusu dakika hivi. Nusu dakika inatazamika. Kuna faida nyingine: ndani ya gliserini rangi haisambai ovyo, inabaki uzi mmoja, kama ule uzi wa wino wa Ephydatia.

Kuna jambo moja kielelezo hakitalisema kweli, na bango litalitaja wazi. Pampu yangu iko nje, inanyonya kutoka upande wa oskulamu. Kwa sifongo pampu iko chumbani, imegawanyika katika seli kila mahali. Kutengeneza flajela zinazopiga ndani ya shanga 287 si kazi ya meza hii. Shanga chache za mbele, zilizokatwa nusu, zitakuwa na flajela za nyuzi zisizotembea, kila moja na kola yake.

Ijumaa. Jaribio la rangi

Tumejaza na kupitisha. Rangi nyekundu ilidungwa kwenye bomba moja la buluu la nje.

Mwanzoni ilikwenda kwa mwendo unaoonekana vizuri. Kila tawi ilipogawanyika ilififia mwendo, na ilipofika kwenye shanga ilionekana kama imekwama. Mwenzangu akainama kuangalia kama kuna bomba limeziba. Halikuziba. Ilikuwa inajaza shanga, moja moja, kila ushanga ukianza na doa jembamba upande mmoja, doa likanyooka kuelekea mdomoni. Upande wa pili, kwenye mti wa kijivu, nyuzi nyembamba zilianza kuonekana zikiungana, mbili zikawa moja, moja ikakutana na nyingine, na kadiri zilivyoungana zilianza kukimbia. Kwenye bomba la mwisho rangi ilipita kwa kasi ambayo kamera ya simu iliinasa kama mstari tu.

Hapa ndipo nimemwelewa Bidder vizuri zaidi. Alishikilia kwamba sifongo anayeishi kwenye maji yaliyotulia ana shida mbili, kuchuja na kutupa mbali. Maji yaliyokwishachujwa hayana chakula na yana taka. Yakimwagika karibu, yatavutwa tena kupitia ngozi, na mnyama atakuwa anakunywa makapi yake. Ndiyo maana maji yaliyoenea kwenye vyumba milioni mbili yanakusanywa kwenye tundu la milimita 2 na kurushwa. Steven Vogel alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba palipo na mkondo wa bahari, mkondo wenyewe humsaidia sifongo kuvuta maji mwilini, kwa kupita juu ya oskulamu iliyoinuka. Bango litakuwa na mistari miwili juu ya hilo. Mistari mitatu ingezidi.

Silikoni inafanya kazi. Ukibonyeza mchemraba, rangi inatoka kwa mpigo, kisha inarudi mwendo wake.

Jumapili. Yaliyobaki

Maandishi ya bango yamepungua hadi kubaki aya tatu, na neno «sahili» limeondolewa kila lilipokuwa. Duara la meza limepimwa. Askonoidi na sikonoidi vimepewa kipimo chao kando, maana vimekuzwa kwa viwango tofauti na kipande cha lukonoidi, na bila hilo mtu atadhani askonoidi ni mkubwa kuliko mwenzake.

Linalonikalia kichwani ni kama niongeze kielelezo cha nne. Mwaka 1995 Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault waliripoti sifongo wa pango la Mediterania, wa familia ya Cladorhizidae, anayekula krasteshia wadogo (jamii ya kamba na kaa). Anawanasa kwa nyuzi zenye spikuli za ndoana, seli zinamzunguka windo na kummeng'enya pale pale. Hana mifereji. Hana vyumba. Ni demosponji, jamaa wa hao lukonoidi wote, na mtambo mzima ameuacha, kwa sababu huko chakula cha kuchuja ni haba na kusukuma maji bure ni hasara. Akiwekwa mezani, duara halitaonekana tena kama ngazi iliyokunjwa, hata kwa anayeitafuta.

Resini ipo ya kutosha. Nyuzi zenye ndoana zitahitaji kuchapishwa kwa ncha ndogo kuliko tuliyotumia kwa shanga, na mwenzangu ameahidi kuipata wiki hii. Ikija, tutamchapisha kwanza uzi mmoja na kuona kama ndoana zinashika.